Sukari imeshuka, LDL imepanda: nilivyojifunza kuisoma karatasi ya kolesteroli

Karatasi ya maabara ninayo hapa mezani, nimeikunja na kuikunjua mpaka katikati imeanza kuchanika. Kolesteroli jumla 7.6, pembeni yake herufi H, yaani imezidi. LDL 5.6, ile wanayoiita kolesteroli mbaya, na yenyewe H. HDL 1.6, ile wanayoiita nzuri, haina kitu. Trigliseraidi 0.9, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, haina kitu. Daktari niliyemkuta zamu siku hiyo aliitupia jicho tu akasema dada mafuta yamezidi, acha mayai, rudi kwenye ugali wako, akaandika dawa akamwita mtu mwingine. Nikatoka pale miguu haina nguvu, maana nilikuwa nimeenda kifua mbele kabisa, miezi mitano sijagusa wanga, kilo 13 zimeondoka, magauni yote nimepeleka kwa fundi akayapunguze.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi nimezaliwa Tanga, naishi Dar, mama yangu ana sukari mwaka wa 14 huu na baba mdogo alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, kwa hiyo nilipopima HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, ikaja 6.2 sikusubiri mtu anieleze maana yake, ile ni mlangoni kabisa mwa kisukari. Nikaacha ugali, wali, chapati, mihogo, soda, na chai nikawa nakunywa kavu. Nikabaki na nyama, samaki, mayai, mboga za majani, parachichi, na nazi. Hiyo nazi naomba uikumbuke, tutarudi kwake. Baada ya miezi mitano HbA1c ikaja 5.5, presha imetulia, magoti hayaumi nikipanda ngazi. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba dayati ya wanga kidogo haina faida mi simwelewi, mwilini mwangu faida nimeiona.

Ila ile karatasi ya mafuta nayo ilitoka mwilini mwangu huohuo.

Nikaipiga picha nikaipeleka kwenye grupu letu la WhatsApp la watu walioacha wanga. Jamani. Ndani ya dakika kumi nikapata majibu ya kila aina. Kuna walioniambia hongera, trigliseraidi imeshuka na HDL imepanda, LDL achana nayo, hiyo ni biashara ya watu wa dawa. Kuna mmoja akasema rudi kwenye dona haraka utapata kiharusi. Na kaka mmoja akaandika kwamba yeye dawa zake za kolesteroli alishaziacha tangu aanze dayati na yuko fiti, hajamuuliza mtu. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha kuliko H zangu zote mbili, kwa sababu huyu kaka aliwahi kutuambia mwenyewe kwamba alishawekewa kichuma cha kutanua mshipa wa moyo. Mtu wa namna hiyo dawa yake ni kinga ya kufa, haachi kwa sababu kilo zimepungua.

Basi nikaamua kukaa chini nijifunze mstari kwa mstari, na nikatafuta daktari mwingine, mama mtu mzima wa magonjwa ya moyo, ambaye alinipa karibu saa nzima. Mengi ninayoandika hapa nimeyapata kwake na kwa kusoma.

Kitu cha kwanza alichoniuliza: majibu yako ya zamani yako wapi? Nikayatafuta kwenye simu, nilipima kabla sijaanza dayati, miezi kama sita nyuma. Jumla ilikuwa 5.4, HDL 1.0, trigliseraidi 2.6, LDL 3.2. Akaziweka karatasi mbili sambamba. Hebu ziangalie na wewe. Trigliseraidi kutoka 2.6 mpaka 0.9, na mpaka wake wa juu ni 1.7, kwa hiyo nilikuwa nje sasa niko ndani kabisa. HDL kutoka 1.0 mpaka 1.6, kwa mwanamke wanataka angalau 1.3, mwanaume 1.0. Hizo mbili ndizo zinazobadilika kwa watu wengi wakiacha wanga, kwa sababu trigliseraidi kwa kiasi kikubwa ini linaitengeneza kutokana na sukari na wanga uliozidi, ukipunguza malighafi na kiwanda kinapunguza uzalishaji. Ile ya zamani, trigliseraidi juu na HDL chini, ndiyo sura ya mtu ambaye insulini yake imeanza kushindwa kazi. Kwa hiyo wale wa hongera hawakukosea kabisa.

LDL sasa. Kutoka 3.2 mpaka 5.6. Kwa mtu asiye na ugonjwa wowote chini ya 2.6 ndiyo nzuri kabisa, kuanzia 3.4 uko mpakani, 4.1 imepanda, 4.9 na kuendelea imepanda sana. Ukifika hiyo 4.9 daktari anatakiwa afikirie kama kwenu kuna kolesteroli ya kurithi, kuna ukoo ambao watu wanazaliwa nayo, karibu mtu mmoja kati ya 250 mpaka 300 duniani, na hao wasipotibiwa wanaweza kupata shambulio la moyo wakiwa na miaka 40 au hata chini ya hapo, wembamba au wanene. Ndiyo maana karatasi yangu ya zamani ilikuwa na thamani. Mtu mwenye ile ya kurithi asingekuwa na 3.2 huku anakula wali na maharage kama kawaida. Yangu ilipandishwa na kitu nilichokuwa nakifanya. Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza dayati kesho, nakuomba sana, pima KABLA. Bila ile karatasi ya kwanza hii ya pili inakuwa nusu ya habari.

Halafu kuna jambo la vipimo vyenyewe, limeshasumbua watu wengi kwenye grupu. Dada mmoja yuko Marekani akaandika LDL yangu 130, mwenzake wa Morogoro akashtuka mpaka akampigia simu. Kule wanatumia miligramu kwa desilita, sisi huku maabara nyingi zinatumia milimoli kwa lita. Kolesteroli yoyote, iwe jumla, LDL au HDL, ukiwa na namba ya Marekani gawanya kwa 38.67, kwa hiyo 130 yake ni kama 3.4. Yangu ya 5.6 kule ingeandikwa karibu 217. Trigliseraidi ina namba yake tofauti, unagawanya kwa 88.57, usije ukachanganya.

Na LDL kwa maabara nyingi haipimwi, inapigiwa hesabu. Hili sikulijua mpaka nilipochukua kikokotoo cha simu. Kuna fomula ya mwaka 1972, ya Friedewald, unachukua jumla unatoa HDL, halafu unatoa trigliseraidi iliyogawanywa kwa 2.2. Yangu: 7.6 toa 1.6 ni 6.0. Trigliseraidi 0.9 gawanya kwa 2.2 ni 0.4. Sita toa hiyo ni 5.6. Imekuja vilevile kama ilivyoandikwa, kwa hiyo nikajua na wao walipiga hesabu. Hesabu hii haitumiki trigliseraidi ikizidi 4.5, na kama ulikula kabla ya kutolewa damu trigliseraidi inaweza kupanda ikavuruga hesabu nzima. Ndiyo maana yule mama daktari anapenda zaidi ile namba ya 6.0, yaani jumla toa HDL, basi. Hiyo haitegemei fomula, haijali ulikunywa uji au hukunywa, na inakusanya mafuta yote yanayoweza kuganda kwenye mshipa. Kwenye karatasi nyingi haiandikwi ila unaweza kuitoa mwenyewe kwa sekunde tatu.

Sasa kwa nini LDL ina neno, wakati tunaambiwa mwili wenyewe unatengeneza kolesteroli na inahitajika? Ni kweli inahitajika, kila seli inayo, homoni zinatengenezwa kwayo. Mimi nilielewa pale nilipofikiria majahazi. Kolesteroli ni mzigo, haiwezi kuogelea peke yake kwenye damu kwa sababu mafuta na maji havichangamani, inapakiwa kwenye vyombo. Vyombo vinatoka kwenye ini vimebeba mafuta, vinashusha kwenye misuli na sehemu nyingine, vikishashusha vinabaki vidogo vimejaa kolesteroli, hivyo ndiyo LDL. Kisha vinatakiwa virudi kwenye ini vitie nanga vipokelewe. Ini lina magati yake ya kuvipokea. Waliogundua magati haya ni Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, wakapewa Nobel mwaka 1985. Magati yakiwa machache, vyombo vinazunguka baharini siku nyingi, na kila vinavyozunguka baadhi vinajipenyeza kwenye ukuta wa mshipa na kukwama humo, miaka kwa miaka. Kipimo kinachoitwa ApoB kinahesabu vyombo hivi moja kwa moja, kwa sababu kila chombo kina ApoB moja tu, kama jahazi na nahodha wake. Ukikipata mahali kinapimwa, pima, kinakata ubishi mwingi.

Na ushahidi ulionifanya niache kabisa kuwasikiliza wanaosema LDL ni uongo wa watu wa dawa ni huu. Kuna watu wanazaliwa na jeni moja ya kurithi, PCSK9, haifanyi kazi. Kazi ya hiyo jeni ni kuvunja magati, kwa hiyo kwao magati ni mengi na LDL yao iko chini tangu utotoni bila dawa yoyote. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu weusi wa kule miaka mingi, wale ambao jeni hiyo haifanyi kazi LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Hapo hakuna kampuni iliyowauzia kidonge. Walizaliwa hivyo.

Najua swali linalofuata kwa sababu kwenye grupu huwa halikosi: mbona Wamasai? Kweli, daktari mmoja Mmarekani, George Mann, alikuja Tanganyika miaka ya 60 akawapima, wanaume wanaoishi kwa maziwa na nyama, akakuta kolesteroli yao iko chini na magonjwa ya moyo karibu hakuna. Hiyo watu wanaitaja. Wasichotaja ni kwamba mwaka 1972 alitoa matokeo mengine baada ya kuchunguza mioyo ya Wamasai 50 waliofariki, akakuta mishipa yao imejaa utando wa mafuta kama ya wazee wa Marekani, ila mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka kiasi kwamba damu ilipita bila shida. Na watu wale walikuwa wanatembea na ng'ombe kutwa. Mi natoka nyumbani nakaa kwenye daladala, nakaa ofisini, nakaa kwenye daladala. Na kolesteroli yao ilikuwa chini, yangu ni 7.6, kwa hiyo kujificha nyuma ya Wamasai mimi siwezi.

Sasa turudi kwenye nazi.

Yule mama aliniambia niandike kila kitu nilichokula wiki moja, bila kuficha. Nikaandika. Asubuhi kahawa ya kuchemsha kwenye dele kama tunavyokunywa kwetu, vikombe vitatu, ndani yake kijiko cha samli na kijiko cha mafuta ya nazi, hiyo niliipata kwenye grupu. Mayai matatu yaliyokaangwa kwa samli. Mchana samaki wa tui zito. Usiku mchicha wa nazi na nyama ya mafuta. Mi nazi naikuna mwenyewe kwa mbuzi, kila siku nazi nzima moja, nachuja tui la kwanza lile linaloshikana na kijiko, na mtu wa kulila ni mimi zaidi, watoto hawapendi. Akasoma, akachora mstari chini ya samli, mafuta ya nazi, tui, na kahawa. Mayai akayaruka. Nikamwuliza mbona mayai huyagusi, akasema kwa watu wengi kolesteroli ya kwenye kiini inapandisha kidogo tu, kinachopunguza magati ya ini ni mafuta yanayoganda, yale wanayoyaita saturated. Mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni ya aina hiyo, samli karibu 60, mawese kama nusu. Ya zeituni ni kama 14.

Kahawa ndiyo ilinishangaza zaidi. Kahawa iliyochemshwa na unga wake ina mafuta fulani yanayoitwa kafestoli, yanapandisha LDL. Ukiichuja kwa karatasi yanabaki kwenye karatasi. Watu wa pwani tunakunywa ya dele maisha yetu yote na sijawahi kusikia mtu anasema hili, ila kile kikombe cha barazani ni kidogo na ni kimoja viwili, mimi nilikuwa nakunywa bilauri.

Akaniambia pia mambo mengine ya kuangalia kabla ya kulaumu chakula. Tezi ya shingo ikiwa mvivu LDL inapanda, kwa hiyo akapima, iko sawa. Ukiwa kwenye kupungua kilo kwa kasi kolesteroli inaweza kupanda kwa muda kwa sababu mafuta ya mwilini yanayeyuka na mzigo unaingia kwenye damu, kwa hiyo subiri uzito utulie mwezi mmoja miwili ndiyo upime. Ukiwa na homa au umetoka kuugua namba zinadanganya. Na kufunga kula, masaa 12 yanatosha, mi nilienda nimefunga karibu siku nzima na nusu nikidhani ndiyo napima vizuri zaidi, kumbe mfungo mrefu unaweza kuipandisha LDL. Kuna na kipimo kingine, Lp(a), chombo cha kolesteroli kinachofanana na LDL, kinarithiwa, chakula hakikibadilishi karibu kabisa, na sisi weusi kwa wastani tunacho zaidi ya wengine, ukiweza kukipata pima mara moja tu maishani inatosha.

Kuhusu dawa aliongea nami kama mtu mzima. Akasema kwa LDL ya 5.6 daktari wa kwanza hakukosea kuandika statini, yaani dawa ya kushusha kolesteroli, alichokosea ni kutokueleza. Kwa kuwa ya zamani ilikuwa 3.2, kwa vipimo sina kisukari, sivuti sigara na sijawahi kuugua moyo, akanipa miezi mitatu nibadilishe mafuta halafu tuamue. Akasisitiza, ingekuwa nina kisukari au nimeshapata kiharusi asingenipa hata wiki, kwa watu hao LDL wanaitaka chini ya 1.8, wengine hata chini ya 1.4, na hakuna kusubiri nazi.

Basi wanga sikurudisha, au nilirudisha kidogo sana. Samli nje, kwenye kahawa haingii kitu na nachuja kwa karatasi. Mafuta ya kupikia nimehamia alizeti na zeituni kidogo kidogo kwa sababu bei yake mnaijua. Tui la kwanza nimeliacha kwa sikukuu na wageni, siku za kawaida naweka tui la pili lile jepesi, na siyo kila siku. Nyama nimepunguza nikaongeza vibua na dagaa. Parachichi kila siku, karanga konzi moja. Bamia kwa wingi, ile utelezi wake inashika nyongo tumboni na kuitoa, na nyongo inatengenezwa kwa kolesteroli, kwa hiyo ini inabidi liichukue nyingine kutoka kwenye damu. Na kunde au choroko nusu bakuli, hiyo ndiyo wanga pekee niliyokubali. Niliogopa sukari itapanda. Nikawa napima kidole masaa mawili baada ya kula wiki mbili mfululizo, haikupita 7.

Januari nikapima tena, maabara ileile, masaa 12. Jumla 5.9. HDL 1.6. Trigliseraidi 0.8. LDL 3.9. Jumla toa HDL ni 4.3, kutoka 6.0. HbA1c 5.5, haijasogea.

3.9 bado iko mpakani na yule mama hakunipongeza sana, alisema tunaendelea, mwezi wa tano tena, na kama itakwama juu ya 3.4 tutakaa tuongee kidonge kidogo, na mimi nimekubali, sina vita na kidonge. Yule kaka wa grupu nilimfuata kwenye simu faragha, nikamwandikia kirefu, hakujibu siku tatu. Siku ya nne akanitumia picha ya karatasi yake. LDL 4.7, na mshipa una chuma ndani. Nikampa namba ya kliniki nikamwambia kaka yangu nenda kesho, na akaenda.

Na jana usiku mama amepiga simu kutoka Tanga, katumwa vipimo na kliniki yake ya sukari, majibu anayo mkononi na miwani haioni vizuri. Nikamwambia mama usijali, niwekee karatasi karibu na taa, nisomee ile iliyoandikwa jumla, halafu ile ya H, D, L. Nimeshika kalamu.